Risiti Ambayo Hukuniomba

Nakuru, Jumapili mchana

Hezroni mwanangu,

Barua ya heshima huanza kwa kuulizana afya. Yako naijua. Mchana huu umekula sahani mbili za ugali, na yule kuku aliyechinjwa kwa ajili ya safari yako umemfuata mpaka shingoni. Yangu unaijua pia. Nimemwambia mama yako kwamba goti linanisumbua, ndiyo maana nimebaki nyumbani wakati ninyi mmekwenda kuwaaga watu wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Goti halina neno. Nilitaka nyumba iwe tupu nipate kuandika.

Utashangaa baba anayelala chumba cha pili akikuandikia barua. Lakini najijua. Nikianza kusema kwa mdomo nitahubiri, na wewe utaitikia "Ndiyo Baba" kabla sijafika penyewe, halafu mama yako ataleta chai, na kesho utapanda treni ya Naivasha bila kusikia neno. Kwa hiyo nisome. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, uione mkirudi.

Sitakufundisha kukata akala, viatu vyetu vya matairi. Tangu mwaka juzi mkono wako ni mwepesi kuliko wangu, na wateja wanajua. Wanapoagiza husema, "Akate yule kijana," halafu wananitazama kama nitalia. Wala sitakuambia habari za kuamka mapema, kusali na kujihadhari na wasichana wa Naivasha. Hayo mama yako amekupa wiki nzima, na mengine ameyarudia mara tatu. Nina neno moja, na nitalisema sasa hivi kabla sijapata njia ya kulizunguka.

Kodi yako ya mwaka jana haijalipwa.

Nilikuambia nimeilipa. Nilikuambia risiti iko kwenye sanduku langu pamoja na cheti chako cha ubatizo. Cheti kipo. Risiti haipo, kwa sababu sikwenda kwa karani hata siku moja. Na wewe unakwenda Naivasha kufungua kibanda chako mwenyewe, ambako hutapewa leseni ya biashara bila kuonyesha risiti ya kodi. Askari wakikusimamisha pale stesheni huna karatasi, utalala ndani kabla hujatundika jozi moja ya akala. Hilo ndilo lililo mbele yako kesho, na aliyeliweka hapo ni mimi.

Kasirika ukitaka, ni haki yako. Lakini soma mpaka mwisho, maana nataka ujue kosa hili limepita njia gani mpaka likafika kwetu.

Unakumbuka, kabla hujaanza shule, niliondoka nyumbani nikakaa sana? Uliambiwa nimekwenda Keringet kushona matandiko ya farasi wa Mzungu. Mama yako anasema uliwaringia watoto wote wa lokesheni, kwamba baba yako anashona viatu vya farasi. Basi Keringet nilikwenda kweli, ila sindano sikuishika. Nilikuwa navunja mawe ya barabara, mfungwa wa kodi, na usiku tulilala watu ishirini kwenye banda moja la mabati. Baridi ya kule huijui. Asubuhi nyundo ilikuwa inang'ang'ania kiganja.

Sikuwa mhalifu wala mvivu. Nilikuwa na kibanda changu karibu na soko, na leseni yake ilikuwa ukutani kwenye fremu. Hapo ndipo lilipokuwa kosa langu la kwanza, na ni kosa la mafundi wengi: nilidhani leseni ni kila kitu. Leseni ni ya kibanda, mwanangu. Kodi ni ya kichwa chako. Kibanda kinaweza kuwa safi mbele ya serikali huku mwenyewe unatafutwa.

Na kichwa changu nilikuwa nakilipia nyumbani, Maragoli. Hilo nalo ulielewe, maana vijana mliozaliwa hapa Nakuru mnaona ni ujinga. Sisi tuliokuja kufuata reli tungeweza kulipa hapa hapa, ofisini kwa Bwana DC, tukapewa karatasi siku hiyo hiyo. Lakini ukilipa kwa chifu wa nyumbani, jina lako linasomwa nyumbani. Jina lisiposomwa miaka miwili mitatu, watu wanaanza kusema huyo amepotelea Rift Valley, na mpaka wa shamba lake unaanza kutembea. Mashamba yetu ni membamba. Mpaka ukitembea hatua kumi umefika jikoni kwako. Kwa hiyo kila mwaka nilimpa pesa mtu anayekwenda likizo, amfikishie baba yako mkubwa Andrea, anilipie. Na jibu lilirudi kwa mdomo wa mtu huyo huyo:

"Andrea anasema amelipa. Anakusalimu sana."

Risiti sikuomba. Ningeombaje? Andrea ndiye aliyenivusha mto mgongoni mwake nilipoanza shule ya misheni. Baba yetu alipokufa, Andrea aliacha masomo ili mimi niendelee, ndiyo sababu leo naweza kukuandikia barua hii na yeye huandikiwa zake. Kumwomba ndugu mkubwa wa namna hiyo karatasi ni kumwambia: nionyeshe kwamba wewe si mwizi. Kwetu hilo halisemwi. Mtu angekula kiatu kuliko kulisema.

Siku ya siku nilikuwa nimekaa kibandani, buti la fundi wa reli liko mapajani, nikaona miguu miwili imesimama. Miguu naitazama kwanza, ni kazi yangu. Ilikuwa imevaa buti nzuri za serikali, soli mpya. Huyo askari wa kodi alikuwa mpole, na upole wake uliniudhi kuliko rungu.

"Mzee, iko na risiti ya kodi?"

"Iko nyumbani."

"Nyumbani gani? Hapa lokesheni?"

"Maragoli. Kaka yangu amenitunzia."

Akamtazama mwenzake, wakacheka kidogo. "Hii Nakuru yote," akasema, "kila mtu iko na kaka."

Waliandika barua nyumbani kuuliza. Jibu lilipokuja nilisimamishwa mbele ya karani nikasomewa: jina langu halikuwa limelipiwa miaka mitatu. Nilisema haiwezekani. Nilisema huyo karani wa nyumbani ni mlevi, ameruka mstari. Nilimtetea Andrea mbele ya watu wote kwa sauti kubwa, mpaka yule mpole akaniambia taratibu, "Mzee, nyamaza tu." Visu vyangu, nyundo na kile chuma cha kugongea viatu viliuzwa, na pesa zake hazikufika nusu. Nusu nyingine niliivunjia mawe.

Mama yako aliwalisha kwa kuuza uji kwa watu wa zamu ya asubuhi. Alikuwa na mimba ya dada yako Ruth. Hajawahi kunisimanga hata mara moja, na kwa hilo peke yake ninamwogopa mpaka leo.

Nilipotoka nilikwenda Maragoli moja kwa moja. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika Andrea alinikumbatia, akalia aliponiona nilivyokonda. Akaniketisha. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ng'ombe jike, mweusi, mwenye baka jeupe pajani, ambaye sikumwacha pale.

"Kunywa maziwa, ndugu yangu," akasema. "Umekuwa mifupa."

"Ng'ombe mzuri," nikasema.

"Mungu amenikumbuka."

Nikanywa. Hezroni, nilikunywa kodi yangu ya miaka mitatu kwenye kibuyu, nikapangusa mdomo, nikasema asante. Yale maneno niliyoyapanga tangu Keringet niliyameza pamoja na maziwa. Mpaka leo sijamwuliza. Miaka mingi nimejisifu moyoni kwamba mimi ni mtu wa heshima, nimelinda udugu. Wazee walisema heshima si utumwa, nami nilikuwa naurudia msemo huo kwa watu wengine bila masikio yangu kuusikia. Sikuwa na heshima siku ile. Nilikuwa mwoga, na woga wangu ulimnyonya mama yako.

Niliporudi Nakuru nilianza upya na kisu cha kuazima. Mama yako hakuniuliza habari za Andrea. Aliniuliza, "Tairi moja inatoa jozi ngapi?" Nikamwambia inategemea tairi. Akasema, "Jozi ya kwanza si yako." Ndivyo ilivyoanza ile desturi unayoijua, kwamba jozi ya kwanza kutoka kila tairi ikiuzwa, pesa yake inaingia kwenye kopo la majani ya chai lililo juu ya kabati, na kopo hilo haliguswi na mtu hata tukilala njaa. Ulikua ukiliita kopo la Mama. Si la Mama. Ni la kodi na leseni. Fundi mjinga hula kwanza, halafu mwisho wa mwaka anatafuta kodi kwenye mabaki, na mabaki hayapo. Mimi nilikuwa fundi mjinga. Mama yako, ambaye hajawahi kukata tairi hata moja, ndiye aliyejua kwamba ile pesa haijawahi kuwa yetu, imepita tu mikononi mwetu.

Nakupa desturi hiyo uende nayo. Ukifika Naivasha tafuta kopo kabla ya kutafuta godoro.

Nikupe na hili la pili, hata kama utanicheka. Unajua tangu ilipokuja kodi hii mpya ya madaraja, mwenye kipato kikubwa anapandishwa na mwenye kidogo anashushwa. Mwaka ule wazazi wa mchumba wa Ruth walipokuja kutuona, nilitaka wajue binti yetu ametoka nyumba ya maana. Niliazima akala kwa mafundi wote wa soko, nikazitundika mbele ya kibanda kutoka juu mpaka chini, na za wateja zilizokuja kushonwa nikazitundika pia. Kibanda kiling'aa kama duka la Mhindi. Wale wakwe walipita wakafurahi. Siku ya pili, kabla sijarudisha mali ya watu, wakapita watu wa kukadiria kodi.

"Bwana fundi," karani akasema, "hii biashara yako imekuwa kubwa sana."

"Si zangu zote," nikasema.

"Ni za nani?"

Nikatazama huku na huku. Baba mkwe wa Ruth alikuwa amesimama hapo hapo, amekuja kuaga. Nikasema, "Ni zangu." Nikapandishwa daraja. Kiburi kile nilikilipia mwaka mzima, na sikuwa na daftari la kuonyesha kwamba nauza jozi chache kuliko zilizotundikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwangu mimi hata mali isiyokuwa yangu ilinipoteza. Ndiyo maana nimekununulia lile daftari lenye jalada jeusi. Andika jozi uliyouza siku uliyoiuza. Usiandike ya kuwafurahisha wakwe, wala usipunguze ya kumdanganya karani. Atakayekuja kukukadiria akute kilichopo.

Sasa nirudi kwako, maana naona nimeanza kuzunguka.

Kijana ambaye hajaoa, akifanya kazi kwa baba yake, jasho lake liko mkononi mwa baba. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyokulea. Miaka yote hii umekata akala kibandani kwangu, pesa ukanikabidhi, nami nikakulipia kodi tangu ulipofikia umri. Miaka ile ya kwanza nililipa kweli. Risiti zake nimezifunga kwenye kitambaa, utazipata. Mwaka jana pesa yako ilikuwa mkononi mwangu, imekamilika, nimeshaitoa kwenye kopo. Asubuhi niliyokuwa niende kwa karani, akaja mtu wa yadi ya malori akaniambia kuna matairi makuukuu yanatolewa kwa bei ya bure, lakini lazima nichukue yote siku hiyo hiyo.

Ningekuwa nimeitumia kwa dawa ya mama yako ningekuwa na la kujitetea. Niliitumia kwa matairi. Nilijiambia ni wiki mbili tu, nikiuza nitarudisha. Unayakumbuka matairi yale. Yalikuwa yameanikwa juani miaka, yamekauka. Wewe ndiye uliyeyakata, ukalalamika kwamba yanapasuka pasuka kama mkate mkavu, nami nikakukaripia kwamba hujanoa kisu vizuri. Kisu kilikuwa kikali. Ulikuwa unaikata kodi yako mwenyewe vipande vipande, mwanangu, na baba yako amesimama kando anakulaumu mkono.

Jioni ya siku ile ile, tukiwa mezani, nilikuambia, "Kodi yako nimelipa." Ukasema, "Asante, Baba." Ukaendelea kula.

Hukuniomba risiti.

Nimelala na jambo hilo muda mrefu. Mwanzoni nilifurahi kwamba hukuomba. Nilisema, nimelea kijana mwenye adabu. Halafu siku moja nikiwa kibandani nikakumbuka ule ugali na ile asante yako, na mara nikakumbuka asante yangu mwenyewe kule Maragoli, nikaona aibu mpaka nikaweka kisu chini. Nyani haoni kundule. Miaka yote nimemhukumu Andrea kimoyomoyo, na kumbe nilikuwa nangoja tu nafasi yangu.

Tangu hapo nimeishi kama mwizi. Yule karani wa kodi unamjua, ndiye anayeimba sauti nene pale kanisani, benchi la mbele yetu. Wimbo wa mwisho ukianza mimi natoka kwa mlango wa nyuma. Mama yako anadhani ni kibofu.

Kulikuwa na njia ya mkato, na nitakuambia ili usidhani sikuifikiria. Ningeweza kwenda peke yangu, nikalipa pamoja na faini, nikaiingiza risiti kwenye sanduku lako kati ya mashati, na wewe usingejua kamwe. Ungefika Naivasha salama, ungepewa leseni, ungeniombea kwa Mungu. Wiki iliyopita nilikuwa nimeshakata shauri kufanya hivyo. Kilichonigeuza ni barua ya Andrea.

Umesikia ameandika, lakini hukusikia yote. Anakutakia heri, na anasema hivi: kwa kuwa sasa unajitegemea, uwe unamtumia pesa ya kodi yako akulipie nyumbani, jina lako lisipotee, maana wewe ndiye mrithi wa sehemu yangu ya shamba. Nilipoisoma damu ilinipanda mpaka machoni. Nikajua ukimtumia utatuma kwa moyo mweupe, na usingeomba karatasi, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kutoomba. Ningekupa risiti moja ya siri ya mwaka jana, halafu nikupoteze miaka yote inayokuja.

Kwa hiyo sikiliza nilivyoamua, na katika hili sitarudi nyuma.

Kwanza, kodi yako utailipa Naivasha, mkono wako mwenyewe, na karatasi uishike kabla hujageuka kutoka dirishani. Shamba nitalipigania mimi. Kesho kutwa namwandikia Andrea. Nitamwambia kwa heshima zote kwamba jina la Hezroni litasomwa Naivasha na mpaka wetu hautatembea, na mwisho wa barua nitamwuliza ile kodi yangu ya miaka mitatu ilikwenda wapi. Najua nilikunywa. Nataka aniambie yeye. Ni mzee sasa, nami nywele zimeanza kunitoka. Tukingoja zaidi ya hapa mmoja wetu ataulizwa na malaika. Inawezekana atakasirika. Inawezekana mwaka huu nisikaribishwe nyumbani. Nampenda kaka yangu, na ninaogopa kuandika mstari ule kuliko nilivyoogopa Keringet, lakini nitauandika.

Pili, usidhani nakufundisha kuipenda kodi. Nani ameniuliza kama daraja langu ni sawa? Nani ametuambia pesa yetu imejenga nini, zaidi ya nyumba za hao wanaoikusanya? Miaka hii ya Hali ya Hatari tumeona jirani zetu wakisombwa kwenye malori, na karatasi ndogo ndiyo iliyoamua nani anabaki na nani anapanda. Vijana wenzako wanasema uhuru ukija kodi itakwisha. Mimi nakuambia uhuru ukija kodi itabaki, ila huenda tukapata haki ya kuuliza imekwenda wapi. Na sijui mtu atauulizaje mji mzima ikiwa hajaweza kumwuliza kaka yake, au baba yake.

Tatu ni kesho.

Baiskeli yangu haiko kwa fundi kama nilivyomwambia mama yako. Nimeiuza jana. Pesa iko kwenye bahasha ndani ya Biblia yangu: kodi yako, na faini, na kidogo cha juu ikiwa karani atapata la kuongeza. Sasa nitakuwa naenda kibandani kwa miguu, na usinionee huruma, akala ninazo. Treni yako ni ya mchana. Ofisi inafunguliwa asubuhi. Tutakwenda wote wawili. Nitasimama mbele ya yule mwimbaji wa sauti nene, nitamwambia, "Huyu ni mwanangu. Pesa ya kodi yake alinipa mapema, nikaitumia mimi. Andika faini kwa jina langu kama unaweza, na kama huwezi, andika hivyo hivyo lakini ujue ni yangu." Atanitazama. Wengine kwenye foleni watageuka. Wacha wageuke. Mficha uchi hazai, na mimi nimeshazaa, nina la kuhofia nini tena?

Mama yako nitamwambia jioni hii, mimi mwenyewe, kabla hujamaliza kusoma. Sitaki aisikie kwa wake wa makarani. Ukisikia sauti ikipanda kule jikoni usije kunitetea.

Sasa ninalotaka kutoka kwako. Ni gumu kuliko pesa, na nimefikiria sana namna ya kukuomba.

Ninajua utakavyofanya ukimaliza barua hii. Utaikunja vizuri. Utatoka nje kidogo. Halafu utarudi uniambie, "Hakuna neno, Baba, ni mambo madogo," na utanitengenezea kiti. Nakuomba usifanye hivyo. Ukinisamehe upesi namna hiyo, utakwenda Naivasha ukiwa mimi. Atakuja mwenye kibanda, atakuambia kodi ya pango ameshaipokea, na utasema asante. Atakuja mshirika, binamu, mzee wa kanisa, kila mmoja na uso wake wa heshima, atakuambia leseni ameshaikata kwa jina lako, na utasema asante. Utakuwa mtu mzuri sana, na siku moja utajikuta unavunja mawe.

Haitoshi kuniambia kwamba umeelewa. Nataka nikusikie. Kesho asubuhi, tukiwa tumeshavaa, njoo usimame mbele yangu. Usiinamishe macho kama nilivyokufundisha. Nitazame, uniambie kwa sauti ambayo hata mama yako ataisikia: "Baba, naomba risiti yangu."

Nitakujibu, "Sina." Usiniokoe. Uliza tena: "Kwa nini huna?"

Nami nitakujibu.

Baba yako,
Jothamu